Picha ya Ishirini na Saba

Kwa siku tisa mfululizo, kila alfajiri alipodhani mama yake bado amelala, Mama Rudia alifumba macho akatembea kwenye korido ya nyumba yake mwenyewe kama mwizi. Alianzia mlango wa chumba chake, kiganja kikipapasa ukuta, akihesabu hatua kwa kunong'ona, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na nne, na hapo kizingiti cha jiko kinampiga kidole gumba naye anameza yowe. Siku ya kwanza aligonga goti kwenye kigoda cha mama yake, kile cha kukalia akivaa ndala. Siku ya pili alijiandaa kukikwepa, hakukikuta, akashukuru bahati yake. Usimcheke. Mtu mzima wa miaka hamsini na minne hafanyi mchezo wa namna hiyo kwa kupenda. Alikuwa anajifunza upofu mapema, ili siku ukimfikia usimkute mgeni.

Mama yake alianza hivyohivyo. Alipofika hamsini na minne uzi ulikataa kuingia kwenye sindano, na baada ya miaka miwili akawa haioni hata sindano yenyewe. Sasa bi mkubwa ana sabini na nane, nyumba anaijua kwa miguu na vidole, anamenya viazi bila kujikata, na ukimhurumia anakutimua. Lakini bi mkubwa alikuwa mshonaji, na mshonaji akikosea nguo inafumuliwa, yameisha. Mama Rudia akikosea, mtu anarudi kwake na homa yake na karatasi inayomwambia hana kitu.

Maana kazi yake, miaka thelathini sasa, ilikuwa hiyo moja: kutazama damu za watu kwenye hadubini na kusema kama zina wadudu wa malaria au hazina. Tone la damu linapakwa kwenye kipande cha kioo, wenyewe wanakiita slaidi, linatiwa rangi, linakauka, kisha jicho linafanya kazi. Jina la Mama Rudia alipewa na wenzake kwa ajili ya neno lake. Ukimpelekea jibu la harakaharaka hakugombi wala hakusemi kwa bosi. Anakurudishia slaidi yako mkononi na kukwambia, rudia. Na kuandika kitu ambacho hajakiona kwa macho yake mawili, hilo hakulifanya hata siku moja, hata watu wamsimamie kichwani.

Basi maabara ikaletewa kompyuta. Wakubwa wakakata shauri kwamba slaidi zitapigwa picha kwa kamera, na mpimaji atazitazama kwenye skrini, amekaa wima kama mstaarabu badala ya kupinda mgongo kutwa. Ila kwanza kila mmoja afanye mtihani. Picha arobaini, na kwa kila picha unabofya kimoja kati ya viwili: wamo, hawamo. Atakayepata chini ya thelathini na mbili atahamishiwa dirishani, akapokee chupa za mkojo na kuandika majina. Walipewa wiki mbili za mazoezi, mtihani Ijumaa ya wiki ya pili.

Jumatatu ya kwanza Mama Rudia akavuta kiti, akatazama picha ya kwanza, akaona damu. Damu safi, ya waridi, inapendeza hata kuitundika ukutani. Hawamo. Ya pili, hawamo. Ya tatu akaisogelea mpaka pua ikakaribia kioo, hawamo. Alipomaliza alikuwa amebofya hawamo mara arobaini, na programu ikamwandikia kwa wekundu: kumi na tano. Akaona labda amebofya vibaya. Akarudia, kama kawaida yake. Kumi na tano tena. Jirani yake wa meza, mwanamke aliyeajiriwa mwaka juzi tu, alikuwa amepata thelathini na sita huku anatafuna ubani.

Picha ishirini na tano zina wadudu, wenzake wanawaona, yeye haoni hata mmoja. Na umri wake ndio uleule.

Utasema, si angekwenda kwenye hadubini yake akajipima? Ndiyo, na hapo ndipo hofu ilipozidi. Kilikuwa kiangazi, mbu wamepungua, na kwa wiki tatu nzima kila slaidi aliyoitazama kwa hadubini aliiandikia hawamo. Siku zote alijua ni kwa sababu ya ukame. Sasa hakujua tena. Labda walikuwemo, na ni yeye aliyewapita. Labda yule mwalimu aliyekuja na mtoto mgongoni, labda yule mzee wa kikohozi, wote aliwarudisha makwao na wadudu wao. Kabati la slaidi za kufundishia lilikuwepo palepale maabara, limejaa slaidi ambazo yeye mwenyewe anazijua zina wadudu tele. Angetazama moja tu, angejua. Hakuitazama. Alikuwa anaogopa kujua, na mtu anayeogopa kujua hupata shughuli nyingi sana: alifua makoti, alipanga chupa, alinunua miwani ya barabarani ambayo ilimkuzia vidole vyake na kumwongezea kichwa kuuma, basi. Nyumbani hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na wa kuambiwa ndiye huyohuyo aliyepita njia hiyo?

Jumatano ya wiki ya pili, siku mbili kabla ya mtihani, jirani yake akamwonea huruma. Akavuta kiti karibu, akatazama huku na huku, akamwonesha daftari dogo. Alimweleza, kwa upole kabisa na bila chembe ya aibu, kwamba hakuna haja ya kujitoboa macho kutazama ndani ya picha. Picha ni zilezile arobaini, na ukimaliza programu inakuorodheshea ulizopata na ulizokosa, kwa hiyo mtu anazikariri. Yenye kona ya zambarau, wamo. Yenye doa kama sikio, wamo. Yenye mistari mistari, hawamo. Wote wanafanya hivyo. Walidhani kompyuta ndivyo inavyotaka.

Mama Rudia alitaka kukasirika, ila hasira haikupata nafasi, maana macho yake yalikuwa yameganda kwenye mstari mmoja wa daftari: ishirini na saba, yenye ukingo ulioumwa, wamo kibao.

Akaifungua picha ya ishirini na saba. Kwa siku zote hizo alikuwa akihangaika na katikati ya picha, hajawahi kujali ukingo. Sasa akautazama. Damu ilikuwa imekatika upande mmoja kwa pengo la mviringo, kama mkate uliong'atwa mara moja ukaachwa. Na pengo lile alilijua. Lilitokea mbele yake, mwaka ule feni ya maabara ilipoanguka mezani na kukausha slaidi vibaya, akataka kuitupa, halafu akaona wadudu walivyojaa mle ndani akaihifadhi kwa ajili ya wanafunzi. Slaidi ile aliipaka kwa mkono wake. Alihesabu wadudu wake mpaka kidole cha kubonyeza kihesabio kikachoka. Na sasa alikuwa anaitazama kwenye skrini na haoni hata mmoja.

Ama macho yamekwisha kabisa, akajiambia, ama kuna kitu. Akapiga moyo konde. Alikwenda kwa bosi kuomba ufunguo wa kabati, akasingizia anataka kupangusa vumbi. Akaipata slaidi, namba imechanjwa pembeni kwa mwandiko wake. Akaiweka kwenye hadubini, akadondosha tone la mafuta, akashusha lenzi kubwa taratibu, na kabla ya kutazama alifumba macho akakaa hivyo muda. Kisha akafumbua.

Walikuwemo. Walikuwemo tele, wamekaa kwenye chembe za damu kila mmoja na kipete chake cha buluu na kidoti chekundu pembeni, wazi, wamechongeka, kana kwamba wamepakwa rangi jana. Alisogeza slaidi: walikuwemo. Akasogeza tena: walikuwemo. Mama Rudia akalia. Alilia na kucheka kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akajifutia mkono wa koti ambalo alilifua mwenyewe kwa woga. Sidhani kama kuna mtu amewahi kufurahi hivyo kwa kuona wadudu wa malaria.

Alipotulia, furaha ikageuka kuwa swali, na swali likampeleka chumba cha mwisho wa korido kwa fundi aliyetengeneza programu. Huyu walimwita Chapuchapu, mwanamume wa makamo, kipara kinang'aa, anayekula amesimama na kuongea kama anakimbiza basi. Mama Rudia hakumpa maelezo. Alimwambia aje, na Chapuchapu, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia aje kwa sauti ile tangu utotoni, akaja.

Alimkalisha kwenye hadubini. Kwanza Chapuchapu akaona kope zake mwenyewe. Halafu akaona giza. Akaambiwa arudi nyuma kidogo, asibane jicho, azungushe kile kigurudumu polepole, polepole nimesema, na hatimaye akaona vipete vya buluu.

"Mama, ndio hawa?"

"Ndio hao. Hiyo ni picha yako ya ishirini na saba. Nioneshe walipo kwenye skrini."

Wakaenda kwenye skrini. Hakuwaonesha, maana hawakuwepo. Chapuchapu alikuna kipara, kisha akasema kweli yote, na hilo ni la kumsifu. Picha zilipotoka kwenye kamera zilikuwa kubwa kupita kiasi. Picha yoyote ni nukta ndogondogo zimepangwa kwa mistari, na hizi zilikuwa na nukta elfu kumi na mbili kwa upana. Kompyuta za maabara ni kuukuu. Kufungua picha moja ilikuwa dakika nne, na siku ya kuwaonesha wakubwa walikaa wakiangalia duara likizunguka mpaka mmoja akasinzia. Kwa hiyo akazipunguza. Alizipunguza mpaka zikaenea vizuri kwenye dirisha la programu na kufunguka kufumba na kufumbua, nukta mia nane tu kwa upana, na kwa macho yake zilikuwa nzuri, safi, za kupendeza. Majibu aliyaweka kutoka kwenye orodha ya bosi. Mdudu mwenyewe hakuwahi kumwona hata siku moja, angejuaje kwamba amemfuta?

Akachukua karatasi akapiga hesabu. Kila nukta kumi na tano alizikoroga zikawa moja. Kipete cha mdudu kilikuwa na upana wa nukta kama ishirini na tano. Kikabaki na nukta moja na ushei. Nukta moja na ushei haiwi pete, inakuwa waridi kama jirani zake.

Mama Rudia akauliza la muhimu: zile kubwa zipo au alizitupa? Chapuchapu akamwangalia kana kwamba ametukanwa. Alizihifadhi zote kwenye diski, ziko kwenye droo chini ya soksi za mazoezi.

Basi wakaileta ile kubwa ya ishirini na saba, wakaibofya, wakangoja dakika zao nne, kompyuta inaguna. Ikafunguka. Damu safi, ya waridi. Hawamo.

Hapo Chapuchapu alishuka mabega kabisa. Mama Rudia, ambaye saa moja nyuma angezirai, hakutikisika, maana sasa alikuwa na uhakika na macho yake. Alimwambia tu arudie. Chapuchapu akatafuta, akagundua upumbavu mwingine: programu ilikuwa inaibana picha nzima ienee kwenye dirisha, na skrini yenyewe kwa upana haina nukta zaidi ya elfu moja na mia tatu. Hata uilishe picha ya ukubwa wa uwanja, ikibanwa iingie pale wadudu wanapotea vilevile. Akaondoa huko kubanwa, akaivuta sehemu moja tu ije kwa ukubwa wake kamili, nukta kwa nukta. Vipete vikajitokeza. Akaipunguza kwa nusu: bado alivitambua. Akaipunguza mpaka robo, Mama Rudia akakunja uso. Aliona vijidoa, ila huenda ni rangi iliyoganda, asingekula kiapo. Wakarudi kwenye ukubwa kamili.

"Lakini kwa ukubwa huu utaona kipande tu," Chapuchapu akalalamika. "Picha nzima haitaenea, na kuifungua ni dakika nne. Nifanye nini, mama?"

"Kwani nani alikwambia sisi tunatazama kioo kizima?"

Akamrudisha kwenye hadubini akamwonesha kwa vitendo. Unaanza na lenzi ndogo, hiyo haikuoneshi mdudu, inakuonesha uko wapi: hapa damu imelala vizuri, hapa imelundikana, hapa pameng'atwa. Ukishapata mahali pazuri, unadondosha mafuta, unaleta lenzi kubwa, na hapo huoni ila pale ulipo. Ukimaliza unasogea. Jicho linataka kipande kidogo kilicho wazi, kisha kingine, kisha kingine. Miaka thelathini hajawahi kutazama slaidi nzima kwa mara moja, na hakuna aliyemlalamikia.

Chapuchapu akapiga paji la uso kofi. Alikimbia, kweli alikimbia, na alasiri nzima na siku iliyofuata hakula hata amesimama. Alikata kila picha kubwa vipande vipande, akairekebisha programu ifungue kwanza ile ndogo, ya kutafutia njia. Unapobofya mahali, inakuletea kipande cha pale tu, kwa nukta zake zote, na kwa kuwa ni kipande kinakuja hapohapo. Ndogo ya kutafuta, kamili ya kutazama. Kompyuta zilezile kuukuu zikaacha kuguna.

Siku hiyohiyo, Alhamisi, Mama Rudia alitoa slaidi zote za wiki tatu za kiangazi kutoka kwenye masanduku, akazipitia upya moja baada ya nyingine, lenzi kubwa, mafuta, bila kuinuka. Ya mwalimu mwenye mtoto: hawamo. Ya mzee wa kikohozi: hawamo. Zote hawamo, tena hawamo ya kweli. Alipofunga sanduku la mwisho alishusha pumzi ambayo aliibeba kifuani tangu Jumatatu ya wiki iliyopita, akajisikia mwepesi hata akaogopa kusimama.

Bosi aliposikia yote alisogeza mtihani mpaka Jumatatu. Mama Rudia akaomba jambo moja tu liongezwe: anayesema wamo aoneshe walipo, ambofye mdudu mwenyewe. Daftari la kona za zambarau likafa kifo cha ghafla, na jirani yake akaja na ubani wake mfukoni kuomba afundishwe kutazama. Walikaa Jumamosi nzima, na utajua mwenyewe neno lililosemwa zaidi. Jumatatu jirani alipata thelathini na tatu, akapona kwa kupita ukingoni. Mama Rudia alipata thelathini na tisa. Ile moja iliyobaki anaibishia mpaka leo.

Jioni ya Jumatatu alifika nyumbani mapema, akakaa sebuleni miguuni kwa mama yake, akamwambia yote kuanzia mwanzo: picha arobaini, umri, miwani ya barabarani, mkate ulioumwa. Alimwambia hata habari ya korido, kwa aibu, akicheka ili mama naye acheke. Bi mkubwa hakucheka. Aliendelea kumenya kiazi chake, ganda refu likishuka bila kukatika.

"Nilikuwa nakusikia," akasema. "Kila alfajiri. Hatua kumi na nne, halafu kidole."

Mama Rudia akauliza, kwa nini basi hukuniambia kitu?

"Ningekwambia nini? Ungetaka kunieleza, ungenieleza." Akakiweka kiazi kwenye bakuli, akapapasa, akashika kichwa cha binti yake kwa mkono wenye maji. "Ila kigoda nilikuwa nakiingiza chumbani kwangu kila siku kabla hujaamka. Nilikusikia siku ya kwanza ulivyoumia."

Mama Rudia aliinamisha uso kwenye magoti ya mama yake akalia kwa mara ya pili kwa sababu ya macho yake, na safari hii hakufuta kitu.

Alfajiri ya Jumanne alipofungua mlango wa chumba chake, kigoda kilikuwa kimerudi mahali pake pa zamani, karibu na jiko. Alikiona kutoka mbali. Akakipita, macho wazi, akaenda kuchemsha chai ya watu wawili.